CD4 zisizopigana: seli dhibiti na kinga inayomgeukia mwenyewe

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya VVU anaijua CD4, hesabu ya aina moja ya chembe nyeupe za damu. Ikisoma 800 watu wanatabasamu, ikishuka chini ya 200 kila mtu anakunja uso. Namba hiyo imetufundisha jambo moja rahisi, kwamba CD4 ni askari na askari wengi ni heri kuliko wachache. Kwa VVU somo hilo linatosha. Kwa lupasi, baridi yabisi, kisukari aina ya 1 na ndugu zao, yaani magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, halitoshi hata kidogo, kwa sababu ndani ya hesabu ile ile zimo seli ambazo kazi yake ni kuwazuia wanaopigana. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 5 hadi 10 katika kila CD4 100 za damu. Mashine ya kliniki haizitengi. Inazihesabu pamoja na nyingine na kutoa namba moja.

Hizo ndizo seli-T dhibiti, ambazo kwenye fomu za maabara huandikwa Treg. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kazi yao juu ya seli hizi, na tangu hapo kumeenea maelezo mafupi: zikipungua unaugua, ziongezwe upone. Maelezo hayo ni kweli kwa ugonjwa mmoja adimu sana. Kwa magonjwa yanayojaza kliniki zetu, idadi ya seli dhibiti kwenye damu mara nyingi ni ya kawaida au karibu na kawaida, na wakati mwingine ziko nyingi zaidi pale pale panapoungua. Kasoro iko kwingine.

Panya wa siku ya tatu

Kila seli-T huanzia kwenye uboho kisha hupelekwa thaimasi, tezi iliyojificha nyuma ya mfupa wa kidari. Huko kila seli huunda kipokezi chake kwa kuchanganya vipande vya jeni kama mtu anayechanganya karata, kwa hiyo haiepukiki kwamba baadhi ya vipokezi vitanasa protini za mwili wenyewe. Thaimasi inalijua hilo. Kwa msaada wa jeni iitwayo AIRE inatengeneza sampuli za protini ambazo kwa kawaida hupatikana mbali nayo, kama insulini ya kongosho na protini za tezi ya thairoidi, na kuzionyesha kwa wanafunzi wake. Seli inayong'ang'ania mno protini ya mwili huuawa hapo hapo.

Chujio hilo linavuja. Mtu mzima asiye na ugonjwa wowote ana seli-T zinazotambua insulini yake. Na kuna kundi ambalo linashika protini za mwili kwa nguvu kiasi cha kutia shaka lakini haliuawi. Linabadilishwa kazi na kuwa seli dhibiti. Watu wengi hulisoma hili haraka na kulipita. Seli dhibiti zinaujua mwili wako kuliko CD4 za kawaida zinavyoujua, na ndiyo maana zinafaa kuulinda. Ndiyo maana pia seli dhibiti iliyoharibika ni hatari kuliko askari wa kawaida aliyeasi: tayari inajua nyumba ilipo.

Dalili ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1969. Nishizuka na Sakakura waliwatoa panya thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, na ovari za panya wale zikaharibiwa na kinga yao wenyewe. Ukiitoa thaimasi siku ya saba, halitokei. Jambo hilo lilikuwa kitendawili, kwani kuondoa kiwanda cha askari kulipaswa kupunguza vita. Jibu tunalolijua sasa ni la ratiba: katika panya, seli-T za kawaida hutangulia kutoka thaimasi na seli dhibiti hufuata kuanzia siku ya tatu hivi. Kisu cha siku hiyo kiliwaacha askari nje na kuwafungia wasuluhishi ndani.

Miaka ya 1970 uwanja huu ulijaa karatasi za "seli-T kandamizi", na ukaporomoka kwa aibu. Wataalamu walizielezea seli hizo kwa alama iliyoitwa I-J, waliyodai iko sehemu fulani ya jeni za panya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu hiyo ilipochunguzwa kwenye DNA yenyewe, jeni ya I-J haikuwepo. Baada ya hapo kutaja seli kandamizi kwenye mkutano kulikuwa kujitafutia kichekesho, na Sakaguchi alikuwa mmoja wa wachache walioendelea kuchimba. Mwaka 1995 alichapisha jaribio lililo wazi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kulichora ubaoni: chukua seli-T za panya mzima, ondoa zile CD4 zenye alama iitwayo CD25 juu ya utando wake (karibu 10%), kisha zilizobaki mpe panya asiye na seli-T zake. Panya huyo anapata ugonjwa wa thairoidi, tumbo, ovari na viungo vingine. Mrudishie zile 10% mapema, haugui.

Upande wa pili wa dunia kulikuwa na panya wengine. Mwaka 1949, kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee, iliyofuga panya kuchunguza madhara ya mionzi, walizaliwa madume wenye ngozi ya magamba, wengu na tezi za limfu zilizovimba, waliokufa wakiwa na wiki tatu au nne. Majike hawakuugua, kwa hiyo kasoro ilikuwa kwenye kromosomu X. Brunkow na Ramsdell, wakiwa kwenye kampuni ya dawa karibu na Seattle, walibana eneo hilo hadi herufi kama 500,000 za DNA zenye jeni 20, wakazisoma moja moja. Ya ishirini ndiyo iliyokuwa na kosa: herufi mbili zilizochomekwa mahali pasipo pake. Waliita jeni hiyo Foxp3 na kuchapisha mwaka 2001. Mwaka huo huo ilithibitika kwamba watoto wa kiume wenye ugonjwa uitwao IPEX wana kosa kwenye jeni hiyo hiyo. Kufikia 2003 ilikuwa wazi kwamba FOXP3 (ndivyo jina hilo linavyoandikwa kwa binadamu) ndiyo swichi inayoifanya seli dhibiti kuwa dhibiti.

IPEX ndiyo ule ugonjwa adimu niliousema, ambao maelezo mafupi yanauweza. Mtoto wa kiume mwenye wiki chache ana kuhara kusikokoma, kisukari cha kutegemea insulini na pumu ya ngozi iliyotapakaa. Asipotibiwa mara nyingi hufa utotoni. Tiba inayogusa mzizi ni kupandikiziwa uboho, na dawa ya sirolimusi husaidia kusogeza siku. Lakini mwangalie mama yake. Ana kromosomu X moja nzima na moja mbovu, na katika kila seli yake moja kati ya hizo huzimwa kwa bahati nasibu. Ungetegemea nusu ya seli zake dhibiti ziwe mbovu. Ukizipima, karibu zote zinatumia X nzima, maana zile mbovu zimeshindwa kushindana na kutoweka. Mama ni mzima. Kumbe seli hizi zenyewe hugombania nafasi, na nafasi hiyo hupimwa kwa chakula.

Uji wa askari

Chakula chenyewe ni intalukini-2, au IL-2, mojawapo ya protini ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe. Askari akishtuka hutoa IL-2 na kuinywa yeye na wenzake ili wagawanyike. Seli dhibiti haiwezi kuitengeneza, kwa sababu FOXP3 imeuzima mtambo huo. Inategemea uji wa jirani, na kwa ajili hiyo imepewa mdomo mpana. Kipokezi cha IL-2 chenye vipande viwili, kilichopo kwenye askari waliotulia na kwenye seli-uuaji asilia, hushika IL-2 kwa nguvu ndogo. Kikiongezwa kipande cha tatu, CD25, nguvu hiyo hupanda kama mara 100. Seli dhibiti huwa na CD25 muda wote. Askari huipata kwa muda tu akishashtuka.

Hapo kuna njia ya kwanza ya kuzuia vita: kunywa uji kabla askari hajashiba. Njia ya pili, ambayo binafsi naiona ndiyo kubwa zaidi kwa binadamu, ni CTLA-4. Askari huhitaji ishara mbili kuanza kazi. Ya kwanza ni kuonyeshwa antijeni, yaani kipande cha protini anachokitambua. Ya pili ni CD28 yake kugusana na CD80 au CD86 zilizo kwenye seli inayomwonyesha. Seli dhibiti ina CTLA-4, ambayo hushika CD80 na CD86 kwa nguvu kuliko CD28, huzing'oa kutoka kwa mwenyewe na kuzimeza. Mwonyeshaji anabaki na antijeni mkononi lakini hana la kumpa askari. Baada ya hizo mbili kuna IL-10 na TGF-beta, ambazo ni jumbe za kutuliza, na vimeng'enya CD39 na CD73 vinavyogeuza ATP (nishati ya seli) iliyomwagika kuwa adenosini inayotuliza. Utumbo hutegemea sana IL-10.

Uthibitisho kwamba CTLA-4 si mapambo uko wodini. Watu waliozaliwa na nakala moja tu inayofanya kazi ya jeni hiyo, hali iliyoelezwa mwaka 2014, hupata kuhara, upungufu wa damu wa kujishambulia na mapafu yaliyojaa seli-T, ingawa wapo wanaobeba kosa hilo bila kuugua. Wagonjwa wa saratani wanaopewa ipilimumabi, kingamwili inayoziba CTLA-4 ili askari washambulie uvimbe, hupata madhara yanayofanana: utumbo kuwaka, thairoidi na tezi ya pituitari kushambuliwa. Abatasepti, iliyoanza kutumika kwa baridi yabisi mwaka 2005, ni kichwa cha CTLA-4 kilichopachikwa mkia wa kingamwili, yaani kuazima mkono wa seli dhibiti bila kuwa na seli yenyewe.

Kuhesabu, na namna hesabu inavyodanganya

Ukiona ripoti inayosema "Treg 4%", uliza kwanza zilipimwaje. FOXP3 iko ndani ya kiini cha seli. Ili kingamwili yenye rangi iifikie, seli hukazwa kwa kemikali na utando wake kutobolewa, na hapo inakuwa imeshakufa. Kwa hesabu haina shida. Kwa mtu anayetaka kuzichuja zikiwa hai ndipo pagumu. Mwaka 2006 ilipatikana njia ya nje: CD4 zenye CD25 nyingi na CD127 kidogo. CD127 ni kipokezi cha IL-7, na askari wa kawaida huwa nayo kwa wingi. Mchanganyiko huo wa alama tatu ndio unaotumika hadi leo.

Makosa ya kawaida ni haya. CD25 haina mpaka wa asili. Kwenye skrini ya mashine ni mteremko, na anayeweka mstari huamua kama mgonjwa ana 3% au 8%. Maabara mbili zenye mistari tofauti hazilinganishwi. Pili, askari wa binadamu aliyeshtuka huonyesha CD25, na hata FOXP3 kidogo, kwa siku kadhaa. Mgonjwa wa lupasi aliyechachamaa atakuwa na "seli dhibiti" nyingi ambazo kwa kweli ni askari. Kipimo kinachowatenga ni kuangalia kipande cha jeni ya FOXP3 kiitwacho TSDR: kwenye seli dhibiti halisi kimevuliwa vikundi vya methili, kwenye askari bado kimefunikwa. Tatu, kugandisha sampuli na kuiyeyusha hubadilisha alama kadhaa, kwa hiyo damu ya wagonjwa iliyogandishwa isilinganishwe na damu mbichi ya watu wazima wa afya. Inaonekana ni jambo dogo. Limeharibu karatasi nyingi.

Kosa la nne ni la asilimia. Mtu mwenye CD4 1,000 na seli dhibiti 6% ana 60 kwa kila mikrolita. Mwenzake ana lupasi, CD4 zimeporomoka hadi 300, na asilimia imepanda hadi 10. Ripoti itasema zimeongezeka. Zimebaki 30.

Hata ukihesabu sawasawa hujajua kama zinafanya kazi. Kipimo cha kazi huenda hivi: askari wa mtu mzima wa afya hupakwa rangi ya CFSE, ambayo hupungua nusu kila seli inapogawanyika. Huwekwa kwenye vishimo vya sahani, kama 50,000 kila kimoja, pamoja na kichochezi cha CD3, yaani sehemu ya kipokezi cha seli-T. Kisha huongezewa seli dhibiti kwa uwiano wa 1:1, 1:2, 1:4, 1:8, na baada ya siku tatu hadi tano unasoma rangi. Anayeanza hulinganisha kishimo chenye seli dhibiti na kishimo kisicho na kitu cha ziada, akafurahi. Kosa. Msongamano pekee hupunguza kugawanyika, kwa hiyo kishimo cha ulinganisho kiwe na idadi ile ile ya CD4 za kawaida. Na usiishie kwenye uwiano wa 1:1, ambao haupo kwenye damu ya mtu yeyote.

Jaribio lenye faida zaidi ni la kubadilishana: seli dhibiti za mgonjwa kwa askari wa mzima, na seli dhibiti za mzima kwa askari wa mgonjwa. Kwa kisukari aina ya 1 jibu liliwashangaza wengi. Seli dhibiti za wagonjwa ziliwatuliza askari wa watu wazima wa afya vizuri tu. Walioshindikana walikuwa askari wa wagonjwa, ambao hawakusikia hata walipoletewa wasuluhishi wazima. Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto wake "amepungukiwa Treg" ameelezwa vibaya.

Kila ugonjwa na kasoro yake

Kwenye kisukari aina ya 1 kuna pia kasoro ya uji. Tofauti ndogo za jeni ya CD25, ambayo jina lake rasmi ni IL2RA, huongeza hatari ya ugonjwa, na seli dhibiti za baadhi ya wagonjwa huitikia IL-2 kwa unyonge. Kwenye panya wa NOD, wanaopata kisukari chenyewe bila kuchokozwa, seli dhibiti zilizo ndani ya kongosho zina CD25 kidogo na hudhoofika, ilhali zile za kwenye tezi za limfu ziko sawa. Ukipima damu ya panya huyo huoni kitu.

Baridi yabisi ni tofauti kabisa. Ukivuta maji ya goti lililovimba utakuta seli dhibiti nyingi kuliko kwenye damu ya mgonjwa huyo huyo. Zipo, na goti bado linaungua. Sababu ni hewa ya mle ndani, iliyojaa TNF na IL-6, jumbe za kuwasha uvimbe: TNF nyingi huzilemaza, na watafiti wa London walionyesha mwaka 2004 kwamba dawa ya kuziba TNF hurudisha sehemu ya uwezo wao. IL-6 ni mbaya zaidi. TGF-beta ikiwa peke yake humsukuma CD4 mchanga kuwa seli dhibiti. TGF-beta ile ile ikiwa pamoja na IL-6 humsukuma kuwa Th17, askari wa kuchoma. Kwenye panya wenye ugonjwa wa viungo zimeonekana hata seli zilizokuwa na Foxp3, zikaipoteza, zikawa Th17 zinazokula mfupa. Kumpa mgonjwa kama huyo seli dhibiti zaidi bila kuzima IL-6 ni kupeleka wasuluhishi kwenye nyumba ambayo bado inawaka.

Kwenye lupasi tatizo ni njaa. Seli-T za wagonjwa hutengeneza IL-2 kidogo, kwa hiyo seli dhibiti hukosa uji. Hapa wazo la kuongeza lina mantiki, na ndipo kiasi kinapoamua kila kitu.

Hapa pia pana la kumkumbusha daktari. Siklosporini na takrolimusi, dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa, huzima askari kwa kuziba njia inayotengeneza IL-2. Wanaotegemea IL-2 ya jirani hufa njaa pamoja nao. Sirolimusi hukata njia nyingine na huziachia seli dhibiti nafasi. Haimaanishi takrolimusi ni mbaya, kwani figo nyingi zimeokolewa nayo. Ila anayeipima idadi ya seli dhibiti kwa mgonjwa anayeimeza ajue anachopima ni dawa pia.

Milioni moja si milioni mia

IL-2 ilianza maishani kama dawa ya saratani. Marekani iliidhinishwa kwa saratani ya figo mwaka 1992, kwa vipimo vya kimataifa (IU) 600,000 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa nane. Mtu wa kilo 60 hupata milioni 36 kwa dozi moja, milioni 108 kwa siku. Kwa kiasi hicho hata vipokezi vya vipande viwili hushiba, askari na seli-uuaji huchachamaa, mishipa huvuja maji na shinikizo la damu huanguka.

Mwaka 2011 timu mbili, moja ya Ufaransa na nyingine ya Boston, zilionyesha kwamba dozi ndogo huwafikia wenye CD25 peke yao. Kwa lupasi, watafiti wa Beijing walitumia vipimo milioni 1 chini ya ngozi, siku moja kwa kuruka moja, kwa wiki mbili, kisha mapumziko ya wiki mbili, na kurudia. Katika jaribio lao la wagonjwa 60, nusu wakipewa dawa bandia isiyo na kitu ndani, waliopata nafuu wiki ya 12 walikuwa kama 55% dhidi ya 30%, tofauti iliyokosa kidogo kufika kiwango cha takwimu kinachokubalika. Wiki ya 24 ilikuwa kama 66% dhidi ya 37%. Ni matumaini ya kweli, ila ni wagonjwa 60 tu.

Mapumziko yale yana sababu. Askari walioshtuka nao wana CD25, kwa hiyo ukimwaga uji mfululizo kwa mgonjwa aliyechachamaa unaweza kumlisha adui. Pia wapo wengine wenye mdomo mpana: seli za ILC2, kundi jingine la kinga, zikishiba hutoa IL-5, na IL-5 huzalisha eosinofili, chembe nyeupe ambazo hupanda pia mtu akiwa na minyoo. Eosinofili zikipanda kwenye kipimo cha damu cha mgonjwa anayepata dozi ndogo ya IL-2, usikimbilie kutafuta minyoo. Ngozi kuwasha palipochomwa sindano na homa ya mafua ya siku moja ni kawaida. IL-2 haikai mwilini. Hukatika ndani ya saa chache, ndiyo maana sindano ni nyingi.

Tukiwa tumeitaja minyoo: mwaka 1968 Greenwood, akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya kujishambulia yalikuwa nadra huko, akashuku vimelea. Baadaye Argentina waliwafuata wagonjwa 12 wa sklerosisi ya mishipa ya fahamu (ambapo kinga hushambulia ubongo na uti wa mgongo) waliokuwa na minyoo. Ugonjwa wao ulisogea polepole na seli dhibiti zao zilikuwa na nguvu. Wanne walipopewa dawa za minyoo, ugonjwa uliamka. Ni ushahidi mzuri kwamba mnyoo huamsha seli dhibiti kwa faida yake. Lakini majaribio makubwa ya kuwanywesha wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa utumbo kuwaka, mayai ya mnyoo wa nguruwe hayakuonyesha faida, na mnyoo wa safura kwa mama mjamzito au mtoto wa shule ni upungufu wa damu. Albendazole, dawa ya minyoo aliyoandikiwa mtoto wako, mpe aimeze tu.

London, Machi 2006

Anayedhani kuchokoza seli dhibiti ni jambo la upole asome kilichotokea hospitali ya Northwick Park tarehe 13 Machi 2006. Dawa iliitwa TGN1412, kingamwili inayobonyeza CD28 kwa nguvu kiasi kwamba seli-T haihitaji ishara ya kwanza. Kwenye panya, kingamwili ndugu yake iliyotengenezwa kwa ajili yao ilikuwa imezizidisha seli dhibiti na kutuliza magonjwa ya kujishambulia. Nyani wa makaki walivumilia miligramu 50 kwa kilo. Binadamu wakapewa miligramu 0.1 kwa kilo, mara 500 chini, na hesabu ilionekana ya tahadhari.

Vijana sita walidungwa mmoja baada ya mwingine, dakika 10 hivi kati yao. Ndani ya saa moja na nusu walikuwa na maumivu makali ya kichwa na mgongo, kichefuchefu na homa. Usiku huo mapafu na figo zilikuwa zinashindwa. Wote sita walipona, ingawa mmoja alipoteza sehemu za vidole.

Kosa lilikuwa nini? Askari wakongwe wa binadamu, wale waliokwisha kupambana na vijidudu na kukaa kwenye tishu, wana CD28. Wa makaki hawana. Kwa hiyo nyani hakuwa na kitu cha kubonyeza. Panya wa maabara naye hukaa kwenye kizimba safi na ana askari wakongwe wachache, kwa hiyo seli dhibiti zake ziliwawahi. Kijana wa miaka 30 aliyekwisha kuugua mafua mara hamsini ana jeshi zima la wakongwe. Na kosa la kiutaratibu ni dakika 10: mtu wa pili hakupaswa kuguswa kabla ya kujua ya wa kwanza. Miaka ya baadaye dawa hiyo hiyo ilijaribiwa tena kwa mikrogramu badala ya miligramu, IL-10 ikapanda na dhoruba ya kinga iliyowaangusha wale sita haikutokea. Wazo lilikuwa na ukweli ndani yake. Kiasi kilikuwa cha upande mwingine wa kilima.

Kuzikuza nje ya mwili

Njia iliyobaki ni kuzitoa, kuzizidisha na kuzirudisha. Wanavyofanya: chini ya nusu lita ya damu, seli nyeupe hutengwa, mashine huchuja CD4 zenye CD25 nyingi na CD127 kidogo, kisha huwekwa kwenye mchuzi wenye shanga za CD3 na CD28 na IL-2 vipimo kama 300 kwa mililita. Siku ya tisa hivi huchokozwa tena, na siku ya 14 huvunwa, husafishwa shanga, hukaguliwa na kurudishwa kwa dripu.

Uchafu mdogo ndio unaoharibu. Tufanye hesabu ya mfano. Umechuja seli dhibiti 99 na askari 1. Seli dhibiti hugawanyika polepole, tuseme mara sita, zikawa 6,336. Askari akigawanyika mara 10 anakuwa 1,024. Ulianza na uchafu wa 1%, umemaliza na karibu 14%, na hao unamrudishia mgonjwa wa kisukari. Rapamaisini, ambayo ndiyo sirolimusi yenyewe, huwekwa kwenye mchuzi kuwabana askari hao. Wengine huanza na seli dhibiti changa zenye CD45RA, kwa kuwa zile zilizozeeka hupoteza FOXP3 baada ya kuchokozwa mara nyingi.

Gdańsk, Poland, walianza na watoto 10 wenye kisukari kipya na kuchapisha mwaka 2012. San Francisco na wenzao walichapisha ya watu wazima 14 mwaka 2015, wakipewa kuanzia seli milioni 5 hadi bilioni 2.6, hakuna aliyedhurika vibaya, na sehemu ya seli hizo ilionekana kwenye damu hata baada ya mwaka. Ndipo likaja jaribio kubwa zaidi la watoto na vijana 110, lililochapishwa 2024, na seli hizo hazikuzuia insulini kuendelea kushuka. Kwangu hilo halikushangaza. Seli zilizokuzwa hivyo ni mchanganyiko: mojawapo inajua ngozi, nyingine utumbo, nyingine chakula cha jana. Zinazojua kongosho ni chache mno.

Kwa hiyo kazi ya sasa ni kuzipa anwani, kwa kuzipachika kipokezi kilichotengenezwa. Wa kwanza kujaribiwa hawakuwa wagonjwa wa lupasi wala wa baridi yabisi. Walikuwa waliopandikizwa figo. Figo iliyotoka kwa mtu mwenye HLA-A2, alama ya tishu ambayo baadhi ya watu huizaliwa nayo, na kupewa mtu asiye nayo ina bango ambalo halipo popote pengine katika mwili huo. Kisukari aina ya 1 kina anwani kadhaa zinazojulikana, kama insulini na GAD65, ila protini hizo hazikai juu ya utando wa seli na kipokezi cha kawaida cha kutengenezwa hakizifikii. Lupasi hushambulia DNA na protini za kiini, na kiini kiko katika karibu kila seli ya mwili.